Karafuu na Mafuta Yake kama Dawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hakuna nyumba ya Unguja wala Pemba isiyo na karafuu jikoni, na nyingi zina pia kichupa cha mafuta yake kwa ajili ya jino au magoti ya mzee. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mara kuhusu matumizi yake kama dawa. Jambo moja linapita ndani ya majibu yote: karafuu ya kupikia na mafuta yake yaliyokamuliwa kwa mvuke zimetoka mti mmoja, lakini kwa nguvu ni dawa mbili tofauti. Madhara mengi hutokea pale mtu anapoyatumia mafuta kwa kipimo alichozoea kwenye karafuu. Humu tunayaita mafuta hayo "mafuta makali", ili yasichanganywe na mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu nyumbani.

## Mambo ya msingi

Karafuu ni nini hasa, na dawa iko wapi ndani yake?

Karafuu ni tumba la ua la mkarafuu. Huchumwa kabla halijafunguka, linapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, kisha huchambuliwa na kuanikwa juani siku nne hadi tano. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Tumba likiachwa likafunguka, thamani yake kama kiungo na kama dawa hushuka.

Katika karafuu kavu iliyo nzuri, asilimia 15 hadi 20 ya uzito ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida asilimia 70 hadi 85 au zaidi kidogo, ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Harufu, ukali ulimini na ile ganzi ya mdomoni vyote vinatoka humo. Faida na madhara ya karafuu vina mlango mmoja.

Asili ya mti ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya zao hili.

Mafuta ya karafuu, ya makonyo na ya majani yana tofauti gani?

Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Havitupwi. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ambacho wenyeji wanakiita Makonyo tu, hukamua mafuta yake kwa mvuke. Mafuta ya makonyo huwa na eujenoli nyingi zaidi, kama asilimia 85 hadi 95, kwa hiyo huunguza haraka kuliko mafuta ya karafuu yenyewe. Mafuta ya majani yana harufu kavu zaidi na hutumika sana viwandani.

Kwa matumizi ya nyumbani soma kibandiko kwanza. Kikisema makonyo au majani, anza na nusu ya matone yanayotajwa humu. Kichupa kisicho na kibandiko kisitiwe mdomoni.

Tone moja la mafuta makali ni sawa na karafuu ngapi?

Tumba moja kavu lina uzito wa karibu gramu 0.1, na ndani yake mna mafuta yapatayo miligramu 15. Tone moja la mafuta makali ni karibu miligramu 50. Kwa hiyo tone moja ni sawa na mafuta yote yaliyomo ndani ya karafuu tatu hadi nne, na kijiko kimoja cha chai (mililita 5) ni zaidi ya karafuu 300. Hakuna anayetafuna karafuu 300, lakini wapo wanaokunywa kijiko.

Kamati ya wataalamu wa vyakula ya Umoja wa Mataifa imeweka kiwango kinachokubalika cha eujenoli kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 150, yaani matone kama matatu au manne kwa siku nzima, pamoja na kile alichokula kwenye pilau na kunywa kwenye chai. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 25: tone moja tayari linazidi.

Nitajuaje kama karafuu ni nzuri na mafuta hayajachanganywa?

Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha. Nzuri huacha unyevu wa mafuta kwenye ukucha na harufu hupanda papo hapo. Kisha tia chache ndani ya gilasi ya maji: zenye mafuta huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu, na zilizokwisha kukamuliwa huelea zimelala. Zenye ukungu mweupe au harufu ya uvundo zilianikwa vibaya au zililoa mvua, na hizo hazifai hata kwa chai.

Kwa mafuta, gilasi hiyohiyo inatosha. Mafuta makali ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo ukitia tone na kutikisa kidogo, huzama. Yakibaki yanaelea kama mafuta ya nazi, basi yametiwa mafuta mengine. Si lazima iwe ulaghai, kwani vichupa vingi vya kuchua huuzwa vikiwa vimekwisha kuchanganywa. Ila ukihesabu matone bila kujua ulichonacho, hesabu haina maana.

## Meno na kinywa

Je, ni kweli karafuu hutuliza jino?

Ndiyo, na hii ndiyo kazi ya karafuu yenye ushahidi ulio thabiti kuliko zote. Eujenoli huzuia mishipa ya fahamu isipeleke ujumbe wa maumivu, na hupunguza kemikali za mwili zinazoleta uvimbe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kutoka Kuwait, watu wazima 73 walipakwa jeli ya karafuu, dawa ya ganzi ya benzokaini, au kitu kisicho na dawa kabla ya kudungwa sindano kwenye ufizi. Karafuu na benzokaini zote zilipunguza maumivu, na baina yao haikuonekana tofauti.

Madaktari wa meno wenyewe huitumia. Ile dawa nyeupe ya kuzibia jino kwa muda, yenye harufu ambayo kila Mpemba anaijua akifungua mdomo, ni unga wa zinki uliochanganywa na eujenoli.

Lakini inatuliza tu. Haizibi tundu, haiondoi usaha, haiui mdudu aliyekwisha kuingia kwenye mzizi.

Nitumie vipi mafuta makali kwenye jino, hatua kwa hatua?

Piga mswaki taratibu na utoe chakula kilichokwama kwa uzi wa meno. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na mara nyingi kipande cha nyama kilichojibana ndicho kinachouma. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi moja.

Changanya matone mawili ya mafuta makali na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya zeituni. Chovya pamba ndogo, kiasi cha punje ya kunde, kisha iminye mpaka isidondoke. Pamba inayodondoka hupeleka mafuta kwenye ulimi na kooni, na mtu hutapika akidhani dawa imemkataa.

Iweke pamba ndani ya tundu la jino au juu ya jino lenyewe, mbali na ufizi na shavu kadiri inavyowezekana. Uma taratibu kwa dakika tano hadi kumi. Tema mate, usiyameze. Toa pamba, sukutua.

Unaweza kurudia baada ya saa tatu, si zaidi ya mara nne kwa siku, na si zaidi ya siku mbili. Mchanganyiko uliobaki mwaga, usiurudishe kichupani.

Sina mafuta, nina karafuu tu. Zinafaa?

Zinafaa, na kwa asiyejua vipimo ni salama zaidi. Weka karafuu moja mdomoni mpaka ilainike, itafune kidogo tu ili mafuta yatoke, kisha ibane kati ya shavu na jino linalouma kwa dakika kumi. Toa kile kichwa cha mviringo kama kinachoma tundu. Karafuu ya kusaga hailingani na nzima: unga hujaa ndani ya tundu, hautoki vizuri, na kesho yake jino linauma kwa sababu nyingine.

Nimeweka mafuta na maumivu yamezidi. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni mafuta kuwekwa yenyewe bila kuchanganywa. Ufizi huungua, huwa mweupe, kisha hubambuka. Maumivu ya kuungua hujumlishwa na ya jino. Sukutua kwa maji mengi ya baridi na usitie kitu kingine siku hiyo.

Sababu ya pili ni tundu lililofika kwenye mshipa wa fahamu ulio katikati ya jino. Hapo mafuta makali hugusa mshipa ulio wazi na kuuchoma.

Sababu ya tatu ni usaha chini ya mzizi. Dalili yake ni jino kuuma ukiligonga au ukitafunia chakula, na kuhisi kama limerefuka. Mafuta hayafiki huko, hata ukimaliza kichupa.

Jino lilikuwa linauma vibaya, sasa limenyamaza lenyewe. Bado niende kwa daktari?

Nenda, tena mapema. Jino lililokuwa likikulaza macho wazi likinyamaza ghafla, mara nyingi mshipa wake umekufa. Uozo unaendelea bila kelele, na baada ya wiki au miezi shavu linavimba. Wengi huhesabu ukimya huo kuwa ndiyo kupona kwa karafuu, kisha wanafika hospitali jino likiwa la kung'oa tu wakati lingeweza kuzibwa.

Ni dalili zipi zinazotaka hospitali siku hiyohiyo?

Shavu, taya au chini ya jicho kuvimba, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida, uvimbe chini ya ulimi au shingoni, kupumua kwa shida. Uvimbe wa shingo unaotokana na jino unaweza kuziba njia ya pumzi. Usisubiri asubuhi.

Nikitumia mafuta ya karafuu, jino linaweza kuzibwa kesho yake?

Linaweza, lakini mwambie daktari kabla hajaanza. Eujenoli huzuia ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino isigande sawasawa, na jino likazibuka mapema. Daktari akijua, atasafisha zaidi au atachagua dawa nyingine ya kuzibia.

Nimeng'olewa jino na shimo linauma. Nitie karafuu?

Usitie mwenyewe. Siku ya kwanza shimo linahitaji bonge la damu libaki mahali pake, na pamba, karafuu na kusukutua kwa nguvu vyote hulitoa. Maumivu yakianza upya au kuzidi kuanzia siku ya pili au ya tatu, yakipanda mpaka sikioni na mdomo kutoa harufu, huenda bonge limetoka na mfupa uko wazi. Rudi kwa aliyeling'oa. Atalisafisha na huenda akaweka dawa yenye eujenoli hiyohiyo, lakini kwa kipimo na mahali panapostahili.

Je, karafuu huondoa harufu ya kinywa?

Kutafuna moja baada ya kula hufunika harufu kwa saa moja au mbili. Harufu inayorudi kila siku hutoka kwenye fizi, ulimi usiosuguliwa au jino bovu.

Nimefunga na jino linauma. Naweza kuweka karafuu mchana wa Ramadhani?

Kumeza hubatilisha saumu, na karafuu hutoa mate mengi yenye ladha yake, hivyo ni vigumu kitu kisishuke. Hukumu ya kuweka dawa mdomoni bila kumeza muulize sheikh wako. Kwa vitendo, weka dawa baada ya futari na tena baada ya daku kabla ya adhana, na mchana jikande shavu kwa kitambaa chenye maji ya baridi. Kung'oa au kuziba jino kunaweza kupangwa usiku kwenye kliniki zinazofungua baada ya tarawehe.

## Tumbo, kifua na chai

Kipimo cha chai ya karafuu ni kipi?

Karafuu tatu au nne kwa nusu lita ya maji, zichemke dakika tano hadi kumi zikiwa zimefunikwa, kwani mafuta huondoka na mvuke. Kipimo hicho hutoa vikombe viwili, na mtu mzima mwenye afya hahitaji zaidi ya vikombe viwili hadi vitatu kwa siku. Kutia karafuu 15 hakuifanyi dawa iwe bora. Huleta kiungulia na mdomo kufa ganzi.

Inasaidia gesi, kichefuchefu au tumbo kujaa?

Kwa wengi, ndiyo, kwa kiasi. Chai ya moto yenye karafuu, tangawizi na mdalasini hulegeza misuli ya tumbo na kutoa gesi. Tumbo linalouma upande mmoja, lililokaza, au lenye homa na kutapika si la kutibiwa kwa chai.

Kikohozi na mafua je?

Mvuke na chai hulainisha koo, na karafuu moja mdomoni hupunguza muwasho wa kukohoa. Mafua yenyewe huisha kwa muda wake. Kujifukiza kwa beseni la maji ya moto kunataka karafuu chache za kupondwa, si mafuta makali, kwa sababu mvuke wake huwasha macho na unaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Watoto wasifukizwe kabisa. Wanaoungua kwa beseni kupinduka ni wengi mno kulinganisha na faida.

Naona watu wanashauri matone matano ya mafuta ndani ya maji kila asubuhi. Ni sawa?

Si sawa. Mafuta hayayeyuki ipasavyo ndani ya maji; hukaa kwa matone na kuchoma koo na tumbo. Matone matano ni karibu miligramu 200 za eujenoli, juu ya kiwango kilichotajwa kwenye swali la tone moja, na mtindo huu hufanywa kila siku kwa wiki nyingi. Ini ndilo linalobeba kazi ya kuisafisha. Anayetaka karafuu ndani ya mwili wake ana chai na chakula.

Ina faida kwa vidonda vya tumbo, sukari au presha?

Maabara zimeonyesha kuwa eujenoli huua bakteria wengi wakiwa ndani ya kisahani, na kwa wanyama karafuu imepunguza sukari ya damu. Kwa binadamu bado hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kutibu lolote kati ya haya matatu. Mwenye vidonda mara nyingi huumia zaidi kwa karafuu nyingi, hasa akiwa na njaa. Anayetumia dawa za sukari anaweza kunywa chai ya kawaida, lakini asiongeze unga wa karafuu kwa vijiko, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kibaya kuliko vyote ni kuacha dawa ya hospitali ukisubiri karafuu ifanye kazi.

## Kuchua, ngozi na mbu

Nichanganye vipi mafuta ya kuchua magoti na mgongo?

Kwa mililita 100 za mafuta ya nazi, tia matone 10 ya mafuta makali. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Ngozi isipowasha wala kuwa nyekundu, unaweza kufika matone 20, ambayo ni asilimia 1. Zaidi ya hapo joto linaongezeka lakini nafuu haiongezeki, na ngozi huanza kuota vipele.

Chua mara mbili kwa siku, usifunge kwa plastiki wala kukanda kwa maji ya moto juu yake, kwani joto husukuma mafuta ndani na ngozi huungua. Usiweke penye kidonda. Nafuu utakayoipata ni ya joto, ganzi kidogo na mkono wa anayechua. Goti lililovimba, lenye moto na lililoanza ghafla linahitaji daktari.

Naweza kutengeneza mafuta ya karafuu nyumbani bila mtambo?

Unaweza kutengeneza ya kulowekwa, na kwa kuchua haya ndiyo tunayoyapendelea, kwa sababu ni vigumu kuyakosea yakawa makali kupita kiasi. Ponda karafuu kavu vijiko viwili vya chakula, kama gramu 12. Tia ndani ya bakuli la kioo au la chuma pamoja na mililita 200 za mafuta ya nazi. Liweke bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kidogo kidogo kwa saa mbili, ukiongeza maji ya sufuria yanapopungua. Acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia ndani ya chupa nyeusi. Yote yakitoka, yatafika kama asilimia 1.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Bakuli likikaa juu ya moto wenyewe, karafuu huungua na mafuta hunuka moshi. Maji yakiingia, hata ya kitambaa chenye unyevu, mafuta huvunda ndani ya wiki chache. Karafuu zisipokauka barabara, matokeo ni yaleyale. Tumia ndani ya miezi mitatu, na usiyatie mdomoni kwa jino.

Karafuu kwenye singo ni salama kwa ngozi ya bibi harusi?

Ikiwa ya kusaga na ni sehemu ndogo ndani ya liwa na viungo vingine, kwa kawaida ndiyo. Tatizo huja pale msingaji anapotaka harufu ikae na kudondoshea mafuta makali. Usoni na sehemu zilizonyolewa karibuni yasifike. Mwenye mzio wa manukato ajaribu siku tatu kabla, si asubuhi ya harusi.

Hufukuza mbu?

Mafuta yasiyochanganywa hufukuza kwa saa chache, lakini kwa nguvu hiyo huunguza ngozi. Yakipunguzwa mpaka yawe salama, kinga hudumu kidogo sana. Chandarua kibaki mahali pake.

Chunusi na nywele?

Kwa chunusi, karafuu ya kusaga usoni huacha madoa meusi kwa wengi wenye ngozi yetu, kwa hiyo hatushauri. Kwa nywele, maji ya karafuu hayadhuru yakiwa mepesi, ila hakuna ushahidi wa kutosha kuwa hurefusha.

## Wanawake na watoto

Mjamzito au anayenyonyesha anaweza kutumia?

Karafuu kwenye pilau na kikombe cha chai ya viungo, hapana shida. Mafuta makali asinywe kabisa. Kwa kuchua mgongo atumie ya kulowekwa, kwa kiasi, na anayenyonyesha asipake kifuani.

Maji ya karafuu ya kujisafishia ukeni yanafaa kwa fangasi na harufu?

Hayafai. Eujenoli huua fangasi maabara, lakini ukeni mna bakteria wazuri wanaolinda sehemu hiyo, na kuosha ndani kwa maji yoyote ya dawa huwaondoa. Baada ya hapo fangasi na harufu hurudi kwa nguvu zaidi. Karafuu huongeza muwasho na michubuko, na michubuko ni njia ya maradhi kuingia. Uchafu wenye muwasho, rangi au harufu hupimwa kituo cha afya, kwa sababu fangasi na maradhi ya zinaa hutibiwa kwa dawa tofauti. Wanaouliza hili huwa wanaona haya, na ndiyo maana wanaumia kimya kimya. Wauguzi wa vituo vyetu wanalisikia kila siku.

Mtoto anaota meno. Nimpake mafuta ya karafuu?

Usimpake, hata yakichanganywa. Ufizi wake ni mwembamba, hawezi kutema, na kila kinachopakwa humezwa. Rejea hesabu ya tone moja hapo juu. Sugua ufizi kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi akitafune ukimwangalia. Homa kali na kuharisha si dalili za meno, mpeleke akaangaliwe.

Mtoto amekunywa mafuta makali. Nifanye nini sasa hivi?

Mpeleke hospitali mara moja: Abdalla Mzee Mkoani, Chake Chake, Wete, Micheweni au Mnazi Mmoja, yoyote iliyo karibu. Usimtapishe, kwa sababu mafuta yakipaliza yakaingia kwenye mapafu hali huwa mbaya zaidi. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala dawa ya kienyeji. Mfute mdomo, mlaze ubavu kama amelegea, na uchukue kichupa ili daktari aone ni mafuta gani na yamepungua kiasi gani.

Nenda hata kama anacheza. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu ikashindwa kuganda na ini likaumia. Alipona kwa sababu alikuwa hospitali. Kuumia kwa ini huonekana baada ya saa nyingi, na dawa ileile inayotumika kwa aliyezidisha parasetamoli imewahi kutumika kwa sumu hii, kwa hiyo kila saa ina thamani.

## Pamoja na dawa nyingine

Nani asitumie karafuu kama dawa?

Anayetumia wafarini, aspirini ya kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa sababu eujenoli nayo hupunguza kushikana kwa chembe za damu. Pia mwenye ugonjwa wa ini, mwenye maradhi ya kutoka damu, na anayesubiri upasuaji: huyo aache wiki mbili kabla. Karafuu ya kwenye chakula haimo ndani ya katazo hili.

Nakunywa ginseng. Naweza kuongeza karafuu?

Ginseng ni mzizi wa Asia na Marekani ya Kaskazini, hauna undugu na karafuu. Chai ya viungo pamoja nayo haina shida kwa mtu mzima asiyetumia dawa. Kwa anayetumia wafarini mambo ni mengine: ginseng ya Kimarekani imeonekana kupunguza nguvu ya dawa hiyo, na mafuta ya karafuu yanaweza kusukuma upande wa pili. Usidhani zitasawazishana. Vipimo vya damu huyumba na daktari hajui afuate lipi. Zote mbili pia zinaweza kushusha sukari.

Karafuu huongeza nguvu za kiume?

Matokeo yaliyopo ni ya panya. Kupaka mafuta makali sehemu za siri huleta ganzi kisha kuungua, kwake na kwa mwenziwe. Udhaifu unaoendelea kwa mwanamume wa makamo mara nyingi ni alama ya sukari, presha au mishipa ya moyo, kwa hiyo apimwe hayo kwanza.

## Kuhifadhi na ajali ndogo

Nihifadhi vipi, na kwa muda gani?

Karafuu nzima ndani ya chupa iliyofungwa, mbali na jiko, hukaa mwaka mmoja hadi miwili. Ya kusaga hupoteza nguvu ndani ya miezi michache. Mafuta makali yakae kwenye chupa ya kioo yenye rangi nyeusi au kahawia, juu, pasipofikiwa na watoto. Usiyatie kwenye chupa ya maji ya plastiki: hulainisha plastiki nyingi, na chupa ya maji ndiyo ambayo mtoto hunyakua bila kuuliza.

Yameniingia jichoni, au yamenimwagikia usoni.

Jicho lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha nenda hospitali. Kwenye ngozi, futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu maji peke yake hayayaondoi. Usiyadharau kwa kuwa hayakuacha jeraha: yupo mgonjwa aliyeandikwa mwaka 1983 ambaye mafuta ya karafuu yalimwagika usoni mwake, na sehemu ile ikabaki na ganzi ya kudumu, haitoki jasho. Ngozi ikiwa bado haina hisia siku ya pili, onana na daktari.